Mashine Mbili na Mguu wa Baba Mkwe

Mashine zote mbili nilipewa na mama wa duka la vitambaa, yule ninayenunua kwake uzi, zipu na bitana tangu nilipoanza kushona. Wanawe walizichezea wakiwa wadogo, wakakua, wakaenda kusoma nchi za watu, zikabaki stoo ndani ya maboksi yake. Siku aliposikia habari za nyumbani kwangu aliagiza zishushwe, akapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akaniambia: "Chukua zote. Jaribu. Moja itakayokufaa ibaki kwako, nyingine nirudishie nimpelekee dada yangu Dodoma. Magoti yanamsumbua na kutoka nje kutembea hataki, anasema watu wanamwangalia. Lakini uniambie ukweli, ipi nzuri."

Ningejua ugumu wa hilo neno la mwisho, ningechukua boksi moja nikaondoka. Mimi nimeishia darasa la saba, na hata hapo sikung'ara. Kulinganisha vitu viwili bila kupendelea kimoja naona ni kazi ya mahakimu. Nikisifia hii leo, kesho naona nimeipunja ile. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike jinsi mambo yalivyokwenda, halafu mwenye akili kunizidi ataamua.

Mashine zenyewe ni za michezo ya kwenye televisheni, ila si ile ya kukaa na kubonyeza vidole. Kwa hizi, mchezo hauendi mpaka mwili uende. Ukirusha ngumi, mtu wa kwenye kioo naye anarusha. Ukichuchumaa, anachuchumaa. Kuna ngumi, kuna dansi, kuna mazoezi ya viungo yenye mwalimu wa kuchora anayekusifia kwa Kizungu. Wenye uwezo wanazitumia nyumbani badala ya kwenda jimu. Sisi hapa Utemini, Singida mjini, tulizitumia kwa ajili ya baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Ulemo huko Iramba, mkulima na mwenye ng'ombe wake. Kiharusi kilimkuta huko huko, kikamlegeza mkono na mguu wa kulia. Akalazwa hospitali ya Kiomboi, alipopata nafuu wanawe wakaona akae kwetu mjini. Yeye hakupenda tangu siku ya kwanza. Aliketi kwenye kochi langu kama abiria anayesubiri basi, kofia kichwani. Wanawe walikubaliana hivi, na walimwambia mwenyewe uso kwa uso: mvua zikianza watakutana. Akiwa anaweza kuinuka mwenyewe na kwenda chooni bila kushikwa, atarudi Ulemo kwake. Akiwa hawezi, ng'ombe watagawanywa, nyumba itafungwa, naye atabaki mjini moja kwa moja. Alijibu neno moja tu: "Nimesikia."

Mtu wa mazoezi wa hospitali alituonyesha la kufanya. Mkono uinuliwe, mguu ukunjwe na kunyooshwa, asimame na kukaa, kila siku, na awepo mtu wa kumshika. Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani kuliko nyumbani. Mdogo wake, anayekaa mtaa wa pili, alikuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumsaidia choo, lakini ana gereji yake, hana nafasi ya kukaa. Mchana kutwa tulikuwa mimi na baba. Na mimi ni mkwe. Nilivyolelewa mimi kwa Wanyaturu, na alivyolelewa yeye kwa Wanyiramba, mke wa mwanao hakushiki kiuno wala hakunji mguu wako. Mimi namsalimia nikiwa nimepiga goti, naweka chakula, natoka. Siwezi kusema kama ni vizuri au vibaya. Ndivyo tulivyo, na katika hali ile wote wawili tulikuwa tumefungwa na kitu kimoja.

Kwa hiyo nilipoelewa kwamba mashine hizi zinamfanyisha mtu mazoezi bila kuguswa na yeyote, nilizibeba kwa furaha kubwa.

Nilianza na ile nyeupe. Hii inakuja na rimoti mbili ndogo kama vipini, kila mchezaji anashika yake, na ina kamba ya kuvaa mkononi isije ikaruka ikavunja kioo. Nafasi inayohitaji ni ndogo, hata chumba changu kilichojaa vitambaa kiliitosha. Kuifunga sikupata shida kubwa. Nilimpa baba rimoti, nikamwambia, "Baba, ukirusha mkono, huyo naye anarusha."

"Huyo nani?"

"Huyo mwenye kaptula nyekundu. Ndiye wewe."

"Mimi sijawahi kuvaa kaptula nyekundu." Lakini akarusha mkono wa kushoto, yule mwenye kaptula akarusha, na yule adui wa mashine akapepesuka. Baba akautazama mkono wake. Akarusha tena. Asubuhi ile alimwangusha adui, kengele ikalia, watu wa kwenye kioo wakashangilia. Alivua kofia akaiweka pajani. Tangu aje kwangu sikuwa nimekiona kichwa chake.

Kuanzia hapo ikawa ngumi kila siku umeme ukiwepo. Mimi nilikuwa nimekaa na cherehani yangu barazani, nikisikia vishindo na baba akimfokea adui kwa Kinyiramba, nacheka peke yangu. Nilijisifu moyoni. Hilo la kujisifu nililifanya mapema mno.

Ile ya pili ni nyeusi. Haina cha kushika. Ina kamera inayokaa juu ya televisheni, inakuangalia mwili mzima, na wewe ndiwe rimoti. Kwa maelezo hayo inaonekana ndiyo yenye akili, na kweli akili inayo, lakini ina masharti kama bibi harusi. Inataka nafasi. Ilibidi meza ya kukatia nguo nihamishie barazani na kochi nisukume ukutani. Inataka mwanga wa kutosha. Na haipendi nguo ndefu. Siku nilipoijaribu mwenyewe, baba akiwa amelala, nilisimama na kanga yangu kiunoni, ikaniandikia kwamba haimwoni mchezaji. Haikuona miguu. Nikavaa suruali ya mume wangu, nikafunga mlango, ndipo ikanikubali.

Sasa nyuma yangu dirishani nilikuwa nimetundika gauni la sendofu la mteja, limekamilika, linasubiri kuchukuliwa. Upepo wa Singida mnaujua. Nikiwa naendelea kuchuchumaa na kuinuka, nikaona kwenye kioo ametokea mtu wa pili pembeni yangu, mwembamba, anapunga mikono taratibu. Niligeuka kwa woga. Hakuna mtu, ni gauni. Mashine ilikuwa imelisajili gauni. Na kwa haki, nilipomaliza, gauni lilikuwa limenizidi pointi. Niliwaza sana kama nimwambie mama wa duka jambo hilo kama kasoro ya mashine au kasoro yangu. Mpaka leo sijaamua. Dirisha nililiacha wazi mwenyewe.

Baba hakuipenda ile nyeusi hata kidogo. Kwanza haimtambui mtu aliyekaa. Ilimtaka asimame, na kusimama alikuwa anasimama kwa kushika mkono wa kochi na kuhema. Pili, ilimwonyesha alivyo. Yule mtu wake kwenye kioo alikuwa na bega moja limeshuka na mguu unaoburuta. Ile nyeupe ilimpa mwili mzima wenye kaptula nyekundu. Hii ilimpa mwili wake mwenyewe.

Mwalimu wa kuchora akasema maneno yake.

"Anasemaje huyo mwanamke?" baba akauliza.

"Anasema vizuri sana, baba."

"Anamsifia nani?"

"Anakusifia wewe."

"Kwa kipi? Nimefanya nini?" Akaketi. "Izime. Inanisimanga."

Nikaizima. Nikarudisha ile nyeupe. Naandika hili kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu baba alikuwa na furaha, na mimi niliamini furaha ni dawa. Labda ni dawa, sikatai. Lakini nilianza kuona kitu nikiwa nampelekea chai. Suruali yake upande wa kulia ilikuwa inapwaya. Mguu ule ulikuwa unazidi kukonda. Alikuwa anapigana ngumi akiwa ameketi, kwa mkono wa kushoto, tena siku hizi hata mkono wenyewe haukuwa unanyooka. Alikuwa amegundua kwamba rimoti ikitikiswa kidogo tu kwa kifundo, yule wa kaptula nyekundu anarusha ngumi ya kuua. Mashine nyeupe inapima kipini, haimpimi mtu. Alikuwa anashinda kila siku, na mguu unakufa.

Nisiionee. Mchezaji mwaminifu ataruka na kutoka jasho kwa ile nyeupe vizuri tu, mimi mwenyewe nilishajaribu. Na baba hakuwa mdanganyifu. Mtu akikuta njia fupi ya kwenda shambani kwake, atapita ndefu kwa sababu gani?

Nikamwambia kwa adabu, "Baba, tungejaribu kuifunga kwenye mkono wa kulia."

"Inafungwaje?"

"Kwa kamba yake hii na kitambaa. Halafu unarusha hivi." Nikachukua rimoti ya pili nimwonyeshe mfano. Alikuwa amekubali, jambo ambalo lilinishangaza; alifunga mwenyewe kwa meno na mkono wa kushoto, mimi nimesimama mbali. Aliweka mkono wa kulia pajani ukiwa na rimoti yake. Mimi nikawasha ile yangu ili taa yake iwake, nikadhani haitahusika na lolote. Nikarusha mkono mmoja hewani kumwonyesha. "Hivi, baba."

Sikujua kwamba rimoti ya pili ikiwashwa, mashine inamwondoa adui wake na kumweka mwenye rimoti. Adui nilikuwa mimi. Ngumi yangu ilimpata mwenye kaptula nyekundu shavu la kulia. Nikashtuka, nikaurudisha mkono kwa nguvu, na hiyo nayo ikahesabiwa ngumi. Akaanguka chali. Kengele ikalia. Watu wakashangilia, na jina nililokuwa nimemwandikia kwa herufi kubwa, BABA, likaandikwa chini na nyota zinazunguka juu yake.

Na mlangoni alikuwa amesimama wifi yangu, amefika na basi la Kiomboi, kikapu bado kichwani.

Alitazama kioo. Akanitazama mimi na rimoti mkononi. Akamtazama baba yake.

"Umempiga baba?" akasema.

"Wifi, ni mashine..."

"Nakuuliza, huyo aliyeanguka ameandikwa nani?"

"Baba."

"Na aliyempiga?"

Niliweka rimoti chini, nikapiga goti, nikaanza kuomba radhi huku kioo bado kinashangilia, maana kwa kuchanganyikiwa hakuna aliyekumbuka kukizima. Baba hakuniangalia. Aliuangalia mkono wake wa kulia pale pajani. Kisha akavaa kofia.

Watu wa mbali wanaweza kucheka. Hata mume wangu nilipompigia simu alicheka, halafu akasema, "Hilo jambo, mama watoto, si dogo." Mkwe hamnyooshei mkono baba wa mumewe hata kwa mzaha, hata kwa kivuli. Wifi yangu hakuwa anatafuta ugomvi. Ni mwanamke mkali, anauza vitenge sokoni na mdomo wake umezoea soko, lakini anampenda baba yake, na alichokiona alikiona. Ningekuwa mimi nimesimama pale mlangoni na kikapu, sijui ningesema nini. Pengine mabaya zaidi.

Baba alikaa bila kusema na mimi. Nilimsalimia, "Shikamoo, baba," akatikisa kichwa tu. Ngumi hakuzigusa tena, mazoezi yote yakakoma. Wifi akasema anakwenda naye Kiomboi kwake. Sababu zake zilikuwa za haki: kwake yeye ni binti, anaweza kumshika. Lakini nyumba yake iko juu ya ngazi na kutwa nzima yuko sokoni. Angemshika saa ngapi? Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nitaonekana najitetea. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Iramba.

Niliona hapa hapana wa kuingilia isipokuwa jirani yetu mfuga kuku. Ni mama mtu mzima, mjane, na kabila lake na la baba ni watani tangu enzi. Mtani anaingia mahali ambapo mtoto na mkwe hawafiki. Nilimkuta anawanyunyizia kuku wake mtama, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, akiwa makini sasa, "Na yeye mwenyewe amesema nini?"

"Hajasema."

"Basi ngoja nikamtoe neno."

Aliingia bila hodi. Mimi nilibaki barazani kwenye cherehani, nikawa nazungusha gurudumu bila kushona kitu.

"We mtumwa wangu! Nasikia umepigwa na mwanamke."

Nikasikia kochi likilia.

"Tena mkweo. Tena ngumi mbili tu. Nikasema uongo, watu wa Ulemo ni waoga ila si kiasi hicho. Kumbe kweli, unaona haya hata kunisalimia."

"Ondoka hapa, mla panya."

"Naondoka vipi na maiti haijazikwa? Nimekuja kuosha. Inua mkono huo nianze."

Nilimsikia wifi yangu ndani akiguna kama anayezuia kicheko. Halafu baba akasema kwa sauti ya chini, na ilibidi nisimamishe gurudumu ili nisikie.

"Sikumkasirikia mkwe. Ngumi nimeiona inakuja. Inakuja upande huu. Nikauambia mkono, inuka, kinga. Haukuinuka. Siku zote nilikuwa nashinda, nikadhani napona. Kumbe ni ule mmoja tu."

Nikasikia mtani akivuta kiti karibu yake. Kisha akasema, "Sasa si umeujua ugonjwa uliko? Wanaokufa ni wale wasiojua. Simama."

"Sisimami kwa ajili yako."

"Husimami kwa ajili yangu. Unasimama unipige. Nimekutukana tangu nilipoingia."

Ndipo akaniita niwawashie mashine. Mkono wangu ukaenda kwenye ile nyeupe kwa mazoea. Baba akasema, bila kuniangalia lakini akisema na mimi kwa mara ya kwanza tangu siku ile, "Sio hiyo. Ile inayosimanga."

Kabla ya kuanza, mtani alitoa hukumu ya kesi yangu. Faini ni kuku mmoja. "Na kuku utamnunua kwangu," akasema, "na mlaji ni mimi, maana mimi ndiye niliyesikiliza." Wifi akasema hiyo ni haki ya wapi. Mtani akamjibu kwamba yeye alipoingia na kikapu angefunga macho, kesi isingekuwepo. Tulicheka wote, na baada ya kucheka ikawa vigumu kurudi kwenye uzito wa mwanzo. Nikampigia baba goti upya, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti kamili.

Kwa ile nyeusi nayo kuna ngumi za watu wawili. Mtani alivaa suruali ya marehemu mumewe ndani, kanga akaitupia begani, ili mashine ione miguu. Wakati wakicheza mimi sikukaa ndani. Mkwe hasimami kumwangalia baba akirusha miguu. Kwa hiyo ninachokijua ni cha masikio.

"Simama katikati, haikuoni."

"Nimesimama!"

"Umeegemea. Inakuona nusu. Umekuwa kama mbuzi wa kutundikwa buchani."

"Suruali ya marehemu hiyo itakuanguka sasa hivi."

"Ikianguka utakuwa umeshinda. Rusha wa kulia."

"Nimerusha."

"Mashine haijaona."

"Wewe umeona?"

"Nimeona umetikisa kwapa."

Walikuwa wanacheza kidogo, wanapumzika sana. Wifi aliahirisha safari, akakaa. Alikuwa anamshika kiuno kwa nyuma mwanzoni, na alinikuta jikoni siku moja akaniambia, "Leo ameniambia nimwachie." Akachukua mwiko akaanza kusonga ugali wangu. Najua wifi yangu anavyoomba radhi.

Sasa nirudi kwenye ukweli nilioulizwa. Je, mashine nyeusi ndiyo iliyomsaidia? Nimejiuliza sana. Ilimkataa alipokaa, ikamkataa alipoegemea, na mkono wa kulia haukuhesabiwa mpaka ulipofika usawa wa bega. Haina huruma, na huenda hilo ndilo lililofanya kazi. Lakini ile nyeupe ndiyo iliyomvua kofia. Bila ile asingekubali hata kutazama hii. Na mtani je? Ningempeleka mtani bila mashine, wangetukanana wakiwa wamekaa. Na dawa za hospitali alikuwa anameza, na siku zilikuwa zinapita, na mwili wenyewe una mambo yake. Mimi sijui. Nimemwambia mama wa duka hivi: kama dada yako ana nidhamu na anakaa peke yake kwenye chumba kidogo, mpe nyeupe, atafurahi, ila awe anasimama. Kama ana mtu wa kucheza naye asiyemwonea haya, mpe nyeusi, na afunge dirisha. Aliniangalia akasema, "Nimekuuliza ipi nzuri, wewe unaniambia mtu gani." Nyeupe ndiyo iliyokwenda Dodoma.

Wanawe walikutana kwetu mwanzoni mwa mvua, ile ya kwanza inayonyesha jioni na kukatika. Mume wangu alikuwa amerudi. Mdogo wake alifunga gereji mapema. Wifi alikuwepo. Mimi niliketi karibu na mlango, mahali pangu. Televisheni ilikuwa imezimwa, hakuna aliyetaka kuiwasha.

Mume wangu alianza maneno ya heshima, kwamba sisi wanao, baba, tunataka mema yako, na baba akamkata.

"Mnataka kuona naenda chooni. Semeni."



Akaweka mkono wa kushoto kwenye goti. Hakushika kochi. Alijisukuma mbele, akarudi. Mume wangu alinyanyua makalio kutaka kumsaidia, wifi akamvuta shati akakaa. Baba alijisukuma tena, akafika juu, akatulia kidogo kama anayesikiliza, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Mguu wa kulia ulikuwa bado unaburuta. Siwezi kusema haukuburuta.

Choo chetu kiko uani, mwisho wa ukuta, na njia ilikuwa na utelezi. Tulisikia ndara zake: moja inapiga, nyingine inafagia. Kisha tukasikia komeo. Kisha hatukusikia kitu.

Alikaa muda mrefu. Shemeji yangu akasema kwa kunong'ona, "Niende?" Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Wifi alikuwa ameshika mkono wangu, sijui aliushika saa ngapi, na alikuwa anaubana mpaka pete inaniumiza. Niliwaza kwamba ameanguka. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyeleta vidude vya kuchezea mahali pa tiba, na leo vitajulikana kuwa ni vya kuchezea. Niliwaza ng'ombe wanaogawanywa. Hata hivyo sikuweza kuinuka, maana kama kuna mtu asiyeruhusiwa kabisa kwenda kwenye mlango ule, ni mimi.

Komeo likafunguka. Ndara zikaanza kurudi, moja inapiga, nyingine inafagia, taratibu, na katikati ya ua zikasimama. Sauti ya baba ikaja kutoka nje, ya hasira kabisa.

"Nani amehamisha kopo la maji? Nimelitafuta gizani mpaka nikachoka! Kwangu Ulemo kopo linakaa mahali pake!"

Mume wangu akafunika uso kwa viganja. Wifi akaniachia mkono. Kopo nililihamisha mimi mchana nikiwa nasafisha, na nilikuwa tayari kusema, lakini baba alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika fremu kwa mkono wa kulia, anapangusa matope ya ndara kwenye kizingiti.

"Jumamosi basi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Wifi ndiye aliyemjibu.